Mjane wa Kundi la Saba

Jumatatu, 6 Januari

Nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri asubuhi hii. Kope zangu ziligandana nikivuka daraja, ikabidi nisimame nizifunike kwa glavu mpaka ziachiane. Naanza kuandika hapa kwa sababu daftari la maabara halipokei hofu. Linapokea vipimo na saa tu, na muhula huu nina hofu nyingi kuliko vipimo.

Jambo lenyewe ni moja. Tarehe 15 Aprili kondoo majike kumi na wawili watapasuliwa magoti, na ndani ya kila goti kitawekwa kiunzi changu: kidude cheupe, ukubwa wake kama kifungo cha shati, chenye matundu mengi kama mkate, na ndani ya matundu seli shina zinazotakiwa kugeuka kuwa gegedu, lile tabaka laini linalozuia mifupa ya goti isisagane. Kiunzi kinayeyuka mwilini polepole, gegedu linabaki. Ndivyo tulivyoandika kwenye ombi letu kwa kamati ya wanyama, inayotoa ruhusa ya majaribio. Tangu nifike hapa Saskatoon nimetengeneza makundi sita ya viunzi na yote sita yamekataa. Seli zilikufa, au ziliteleza zikaanguka chini ya sahani kama watu waliokosa pa kushika.

Kabla ya Krismasi msimamizi wangu, Dokta Hrynkiw, aliniambia, "Greta, kundi la saba ndilo la mwisho. Likikataa, tutakutafutia kazi nyingine." Alisema kwa upole, kama mtu anayekwambia duka limefungwa.

Jumanne, 7 Januari

Kuchekecha chumvi siku nzima. Chumvi ndiyo inayotengeneza matundu. Unaichekecha upate punje za ukubwa mmoja, unaichanganya na plastiki iliyoyeyushwa, ya jamii ya nyuzi za kushonea vidonda, na mchanganyiko ukishakauka unauloweka majini. Chumvi inatoka, nafasi yake inabaki.

Lorne, fundi wa maabara anayeniita Profesa kwa utani, alikuja akasimama nyuma yangu na kikombe chake cha kahawa.

"Profesa, unachekecha au unabembeleza mtoto alale?"

"Nachekecha."

"Basi taratibu. Ukitikisa hivyo punje zinavunjika, utabaki na vumbi."

Alikuwa sahihi. Mtu huyu huniudhi zaidi anapokuwa sahihi.

Alhamisi, 9 Januari

Nabadilisha maji. Bado yana chumvi.

Ijumaa, 10 Januari

Nabadilisha maji.

Jumamosi, 11 Januari

Maji hayana chumvi tena. Kipimo kimesema hivyo, nami nikaonja kwa ncha ya ulimi kuhakikisha. Lorne aliniona. Akafumba macho, akageuka, akaondoka.

Jumatatu, 13 Januari

Nimepata wazo, na nadhani ni zuri. Kama seli zinateleza, tuzipe kitu cha kushika. Nimevipaka viunzi vyote ishirini na vinne ute mwembamba, wa jamii ileile ya ute unaolainisha goti la kiumbe hai. Seli zitajiona ziko nyumbani.

Kisha tukagombana, mimi na Lorne, ikiwa ule unaweza kuitwa ugomvi. Yeye hapandishi sauti.

Hapa maabara kuna desturi yake. Kila kundi la viunzi lina kimoja kisichotiwa seli. Kinalishwa kama vingine, kinabadilishiwa chakula kama vingine, kinakaa kwenye kabati la joto na wenzake, lakini ndani hakuna kitu. Lorne hukiita mjane: amebakiwa na nyumba, wenye nyumba hawapo. Ameandika hivyo kwenye kibandiko kwa kalamu ya wino, MJANE, kwa makundi yote tangu nilipokuwa bado shule ya msingi.

"Na mjane wa kundi hili?" aliniuliza.

"Safari hii hakuna. Nahitaji viunzi vyote."

"Kila kundi lina mjane."

"Makundi sita nimelisha wajane, Lorne. Wajane wamestawi. Walio na seli ndio waliokufa."

"Ndiyo maana ya kuwa na mjane."

"Ni desturi tu."

"Haya," alisema, akaandika kitu kwenye kidaftari chake cha mfukoni. Nilijisikia kama mtoto aliyeandikwa na kiranja. Mtu amekaa miaka ishirini na sita kwenye chumba kilekile, anamwagilia vitu visivyoota. Sitaki kuwa hivyo. Namwomba Mungu nisiwe hivyo.

Alhamisi, 16 Januari

Nimetia seli.

Jumamosi, 18 Januari

Chakula cha seli. Theluji.

Jumatatu, 20 Januari

Chakula cha seli. Theluji. Gari la Lorne limekataa kuwaka ingawa lilichomekwa kwenye umeme usiku kucha ili injini isigande, amekuja kwa miguu, barafu imeshika masharubu. Amefika kabla yangu.

Jumatano, 22 Januari

Chakula cha seli. Hazijaanguka! Nimetazama chini ya kila sahani kwa hadubini. Zimeshika.

Jumapili, 2 Februari

Mama amepiga simu kutoka Rosthern baada ya kanisa.

"Unakula?"

"Nakula."

"Unakula nini?"

"Mama, nakula."

"Shangazi yako Tina anauliza hivyo vifungo vyako vitakuwa tayari lini, goti lake halingoji."

"Mwambie ni vya kondoo."

"Nimemwambia. Anasema yeye hajali, atakaa zizini."

Nilicheka, kisha nikakaa kitandani muda mrefu. Wanazungumza juu yangu kule kwenye meza ya Jumapili, kati ya supu na keki. Greta wetu anaotesha magoti.

Jumanne, 11 Februari

Tumekwenda shambani kuwapima kondoo uzito. Darlene ndiye anayewatunza, mwanamke mfupi mwenye mikono kama ya seremala. Alimshika kondoo kidevuni kwa mkono mmoja, akamgeuza kama anayefungua mlango.

"Huyu namba arobaini ana kiburi," alisema. "Usimpe mgongo."

"Wanaumia sana baada ya upasuaji?"

"Wiki mbili wanachechemea. Wengine tatu." Akampapasa kondoo goti. "Si wagonjwa hawa, unajua. Magoti yao hayana shida yoyote. Shida tunawapelekea sisi, halafu tunaona kama kitu chenu kinaiponya. Kikiponya, sawa. Mimi sina neno."

Nilijua hayo. Nimeyaandika kwa mkono wangu kwenye ombi la kamati ya wanyama, ukurasa wa nne. Lakini ukurasa wa nne hauna pumzi ya moto inayokupuliza kiganjani.

Alhamisi, 13 Februari

Chakula cha seli.

Jumamosi, 15 Februari

Chakula cha seli. Nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri. Sijazungumza na mtu leo.

Jumatatu, 3 Machi

Wekundu!

Nimekata viunzi vitatu vipande vyembamba, nikavitia ile rangi nyekundu inayoshika sukari za gegedu. Pasipo gegedu panabaki peupe. Nilipoweka kioo chenye kipande cha kwanza chini ya hadubini nilidhani nimekosea taa. Wekundu kutoka ukingo hadi ukingo, wekundu wa kiazi chekundu cha supu ya borshi. Cha pili vilevile. Cha tatu vilevile.

Nilimwita Dokta. Aliinama, akatazama, akaniambia bila kuinua kichwa, "Greta, lete kiti." Akakaa akatazama dakika ishirini. Alipoinuka macho yake yalikuwa na maji. Sikujua kwamba yeye naye alikuwa anaogopa.

Jumatano, 5 Machi

Picha ya wekundu ule imepelekwa kwa kamati ya wanyama, na sahihi ya Dokta chini yake. Dokta ameleta keki ya asali aliyooka mwenyewe, ya mtindo wa bibi yake. Amekata kipande cha kwanza akanipa mimi. Lorne amekula vipande viwili, akasema "Hongera, Profesa," akaenda kuosha vyombo.

Ijumaa, 7 Machi

Kamati imekubali. Kondoo kumi na wawili, Jumanne tarehe 15 Aprili.

Nimelala saa kumi mfululizo.

Jumanne, 18 Machi

Naandika polepole ili niandike sawa.

Mchana nilikuwa natayarisha picha kubwa ya ukutani. Lorne alipita na sinia la chupa, akasimama.

"Nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Chakula cha seli kinaingia kutoka nje kwenda ndani, sivyo? Za katikati huwa zina njaa."

"Ndiyo."

"Basi mbona katikati pana wekundu sawasawa na ukingoni? Hizo za katikati zilishiba lini?"

Nilimwambia ni kwa sababu ya ute: seli zimeshika vizuri zaidi, zimesambaa vizuri zaidi. Nilimjibu kwa sauti ile ninayoichukia kwa wengine, sauti ya kumfundisha mtu aliyefundisha watu ukiwa bado shule ya msingi. Akasema "Haya," akaenda na chupa zake.

Nilitoka saa kumi na moja. Jua lilikuwa bado lipo, upepo mkali, mto umeanza kupasuka, vipande vya barafu vinapandiana. Katikati ya daraja nilisikia neno langu mwenyewe. *Ni kwa sababu ya ute.* Nikasimama. Mtu wa baiskeli nyuma yangu alinitukana.

Rangi nyekundu hushika sukari za gegedu. Hushika pia ute wa goti, kwa kuwa ute ule nao ni sukari ya jamii hiyohiyo. Nilisoma hayo mwaka wa pili wa chuo, nikajibu kwenye mtihani, nikapata alama zote. Kisha nikachukua brashi kwa mikono yangu miwili, nikavipaka viunzi vyangu vyote ute, ndani na nje, ukingo hadi ukingo, nikasubiri wiki sita, nikavitia rangi hiyohiyo, nikashangilia.

Wekundu ule unaweza kuwa gegedu. Unaweza pia kuwa ni brashi yangu tu. Ningekuwa na mjane ningejua siku ileile.

Jumatano, 19 Machi

Nimechukua kiunzi kitupu kilichosalia kundi la sita, nimekipaka ute. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekikata, nimekitia rangi. Kimekuwa chekundu ukingo hadi ukingo. Hakuna seli hata moja ndani yake, na ni chekundu cha kupendeza kabisa.

Ijumaa, 21 Machi

Niandike ninayoyafikiri, maana humu hakuna atakayesoma.

Hakuna anayejua. Lorne aliuliza swali, nikamjibu, likaisha. Kioo cha mjane kiko mfukoni mwa koti langu, ni chembamba, kinavunjika kwa vidole viwili. Na huenda gegedu limo! Sijathibitisha kwamba halimo, nimethibitisha tu kwamba sijui. Upasuaji ukifanyika na kondoo wakapona, nitakuwa nilikuwa sahihi muda wote. Wasipopona, watu watasema sayansi ni ngumu. Ni ngumu kweli.

Na nikisema? Kundi la saba ndilo la mwisho. Dokta alitia sahihi. Alilia mbele ya kile kioo. Nitamrudishia keki yake ya asali namna gani?

Nimekaa na hoja hizi siku nzima na zote zinasimama. Zinasimama vizuri mno. Ndicho kinachonitisha, kwamba mimi ni hodari hivi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda nyumbani Rosthern. Mama amepika maandazi ya chumvi na supu. Shangazi Tina amekuja na fimbo yake, akaninyooshea mguu chini ya meza. "Shika basi, wewe mtaalamu, sikia linavyosaga." Nikashika. Linasaga kama changarawe. Nikasema nimechoka, nikaenda kulala mchana.

Jumatatu, 24 Machi

Nimesema.

Niligonga kwa Dokta saa mbili na nusu asubuhi, kabla hajavua koti. Nilikuwa nimepanga maneno na yote yakanipotea. Nikatoa kioo mfukoni, nikakiweka juu ya meza.

"Hiki nini?"

"Ni kiunzi. Chenye ute, kama vya kundi la saba. Kimetiwa rangi."

Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Kizuri."

"Hakina seli."

Hakuelewa. Halafu akaelewa. Niliona likifika usoni mwake kutoka juu kwenda chini. Akakaa na koti lake.

"Tulimtia mjane rangi siku ile?"

"Hakukuwa na mjane. Nilikataa. Lorne alitaka, mimi nikakataa."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna mtu."

Nilisikia bomba la joto likigonga ukutani. Nilidhani, sasa ataniambia nifunge mlango, na nitaufunga, na tutakuwa wawili. Niliona aibu baadaye kwa kuwaza hivyo. Au labda sipaswi kuona aibu. Labda naye aliwaza hivyo kwa kiasi cha kuvuta pumzi moja.

"Mimi nina miaka thelathini kwenye kazi hii," alisema. "Ute nilikuruhusu mimi. Rangi niliiona mimi. Niliona wekundu nikalia kama bwege. Nani ana kosa zaidi hapo, mwanafunzi au mimi?"

"Mimi, Dokta."

"Usinichekeshe, bado nimekasirika." Akavua koti. "Vimebaki vingapi?"

"Tisa, ukitoa vile kumi na viwili vya kondoo."

"Kata vitatu. Achana na sukari. Tafuta protini yenyewe ya gegedu, ile ambayo hatukuipaka kwa brashi. Agiza leo kingamwili inayoishika. Na uvute kiti, tuiandikie kamati."

Barua ilikuwa na sentensi nne. Alinifanya niandike mimi, akatia sahihi yake juu ya yangu.

Nimetoka nikasikia njaa ya ajabu.

Jumanne, 25 Machi

Nilimwomba Lorne radhi mbele ya sinki. Aliendelea kusugua.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Ningejuaje? Mimi niliuliza tu. Ulivyonijibu nikasema, aa, kumbe ni hivyo, nikaenda kunywa chai."

"Ungeweza kunisukuma zaidi."

"Wewe? Kukusukuma wewe?" Akacheka mpaka povu likaruka. "Profesa, ile siku ya mjane ulinitazama kama nimekuomba figo."

Nilidhani ana hekima anayoificha. Hana. Ana mazoea mazuri na hana haraka ya kuonekana mwerevu, basi. Miezi mitatu nimemdharau kwa vitu ambavyo mimi sina.

Ijumaa, 28 Machi

Kamati imejibu: tarehe isifutwe bado, jibu la protini lipatikane kabla ya kondoo kuandaliwa. Kingamwili haijafika.

Jumatano, 2 Aprili

Haijafika. Dhoruba ya theluji, barabara zimefungwa. Aprili!

Jumatatu, 7 Aprili

Haijafika. Bata bukini wamerudi, wamesimama juu ya barafu wakilalamika.

Alhamisi, 10 Aprili

Imefika. Lorne ameipokea mlangoni, ameileta kwenye barafu kavu akitembea kama anayebeba mayai. Kesho naanza, Jumapili asubuhi ndipo nitaona. Safari hii wajane ni watatu, kutoka masalio yaleyale ya kundi la sita. Lorne alinipa kalamu ya wino.

Jumapili, 13 Aprili

Saa tatu asubuhi tulikuwa watatu maabara: Dokta na nguo zake za kanisani, Lorne na kofia yake, na mimi. Palipo na gegedu patakuwa hudhurungi. Pasipo nalo, hapatakuwa na kitu.

Wajane kwanza. Mmoja, wawili, watatu: weupe, weupe, weupe. Kisha nikaweka kioo chenye seli.

Katikati ni peupe kabisa. Patupu. Lorne alikuwa sahihi, za katikati hazikushiba kamwe. Lakini ukingoni, ukizunguka kifungo chote, kuna mstari wa hudhurungi, mwembamba kama ukucha. Nikasogeza kioo. Mstari haukukatika. Nilizunguka nao mpaka nikarudi nilikoanzia.

"Lipo," nilisema. "Lipo. Si jingi."

Dokta alitazama. "Ni gegedu," alisema. "La kwanza kwenye chumba hiki. Na haliwezi kubeba kondoo." Akanyooka, akashika kiuno. "Matundu yapanuliwe. Chakula kisukumwe ndani, kisingoje kujipenyeza. Mwezi wa kumi tuone. Unalo kundi la nane, Greta. Usilipake chochote bila kuniuliza."

"Na upasuaji?"

"Hakuna upasuaji. Nimpigie Darlene, maana leo saa sita ndipo anapoacha kuwalisha. Kondoo hawalali kwa upasuaji na tumbo limejaa."

Simu iliita bila kupokelewa. Darlene akiwa zizini haisikii. Ilikuwa saa tano na robo. Lorne alikuwa ameshashika funguo.

Aliendesha gari kwenye matope na theluji inayoyeyuka, akaniambia: "Vaa mkanda, kondoo hawajafa."

Darlene alikuwa ameshaanza. Majani makavu yamefungiwa upande wa pili wa ua, hori zimefagiliwa safi, na wote kumi na wawili wamejipanga kwenye uzio wakimpigia kelele kwa hasira.

"Mnataka nini Jumapili?" alipiga kelele juu ya kelele zao.

"Imefutwa! Hawapasuliwi!"

"Kwa hiyo wanakula?"

"Wanakula!"

Akanitazama, sijui aliona nini usoni mwangu. "Basi shika ndoo, usisimame hapo kama mgeni."

Nikamwaga nafaka kwenye hori ya kwanza, wakanivamia. Mmoja alinipiga kumbo la paja nikaenda nikakaa kwenye matope, Lorne akageuka upande ili acheke kwa adabu. Nikainuka, nikamwaga ya pili, nikamwaga ya tatu. Kelele zikakatika zote kwa pamoja. Ikabaki sauti ya kutafuna tu, vichwa kumi na viwili vimeinama, na mvuke ukipanda migongoni mwao kwenye jua.

Ndipo nikahisi kwamba mimi mwenyewe sijatia kitu kinywani tangu jana asubuhi. Nikamwambia Darlene. Akakata mkate wake wa mayai kwa mkono, akanipa nusu iliyo kubwa, nikaula palepale nimesimama, na matope, na kila kitu.